Ilipita kwa Baba

Dada yangu anafundisha watu kuendesha gari, na wanafunzi wake wamempa jina la Breki. Gari lake dogo jeupe lina pedali za breki pande mbili, upande wa mwanafunzi na upande wake, na wanasema hajawahi kumwacha mtu akaangusha hata koni ya plastiki. Ukikaa naye ndani hapigi kelele. Anatazama mbele, mguu uko tayari, anasema kwa sauti ya taratibu, "Klachi. Klachi, mama. Hiyo uliyoshika ni wipa."

Nimeanza na kazi yake kwa sababu miaka ile watu walipomzungumzia hawakuitaja kazi. Walitaja tumbo.

Aliolewa na fundi wa majokofu, mwanaume mrefu, mpole, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Mimi mdogo wake niliolewa baada yake, na kabla sijajua kupika wali usioshika chini ya sufuria nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Hapo ndipo maneno yalipokolea. Mwanzoni watu waliweza kusema labda wanawake wa kwetu huchelewa. Nilipozaa wawili chapuchapu, nikamwondolea dada yangu hata kisingizio hicho kidogo.

Siku moja tulikwenda pamoja kumsalimia mama mkwe wake. Watoto wangu wakapanda juu ya makochi, wakavuta vitambaa, wakafanya fujo zao. Mama mkwe akawatazama, akanitazama mimi, kisha akasema mbele ya wageni wake, "Kumbe kwenu mnazaa. Basi mbovu ni huyu niliyeletewa mimi."

Dada alitabasamu kama mtu anayeumwa jino. Njia nzima ya kurudi alishika usukani kwa mikono miwili, vile anavyowafundisha wanaoanza, mpaka tulipofika kwangu. Nilipofungua mlango akasema, "Wape watoto maji, wamecheza sana." Akaondoka.

Usidhani hawakutafuta msaada. Walikwenda hospitali wote wawili, na Shemeji ndiye aliyetangulia kupimwa bila kulazimishwa. Alikuwa mzima. Wakampima dada damu, wakampima homoni, wakampiga picha za kizazi na mirija, wakamwambia apande kitanda, ashuke, apande tena. Kila kipimo kilirudi na jibu lilelile: sawa. Hedhi yake ilikuja kwa mpangilio tangu usichana. Mwishowe daktari wa kwanza akawaambia kwamba sababu haijulikani, waendelee kujaribu, wasiwe na wasiwasi.

"Afadhali angeniambia nina ugonjwa," dada aliniambia. "Gari likikataa kuwaka, fundi akakuambia kila kitu ni kizima, utafanya nini? Utakaa ndani uliimbie?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Pale ambapo daktari hana sababu, mtaa mzima unazo. Mmoja alisema ni mtikisiko wa gari. Mwingine alisema ni kiti cha gari, kinapata joto. Wifi yake, dada wa mumewe, alimshauri aache kufikiria sana, kana kwamba mawazo ni bomba unaloweza kulifunga. Wengine walinong'ona kwamba alimeza vidonge kabla ya ndoa. Mama yetu naye alikuwa na lake, tena lilimla kimyakimya. Alipokuwa na mimba ya dada aliteleza kwenye ngazi zenye maji akaangukia ubavu, na tangu maneno yaanze aliamini kwamba siku ile ndiyo iliyomharibu binti yake. Hakumwambia mtu. Sisi tuliona tu kwamba kila dada akija nyumbani Mama anakuwa mtumwa wake: kaa hapa, kula hiki, nipe nikufulie.

Nyumbani kwa wazazi wetu, chumba cha uani, aliishi Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya posta mpaka alipostaafu, na ulimi wake ulikwenda kasi kuliko vidole vyake. Aliolewa akiwa msichana, na baada ya miaka kadhaa mumewe akamrudisha na sanduku lake kwa sababu hazai. Baba wakati huo alikuwa kijana, ameanza kazi ya kupaka rangi nyumba na kuchukua nafasi ya marehemu babu. Alimpokea dada yake mlangoni, akamuuliza swali moja tu: "Ulijifanyia nini kabla ya kuolewa?" Shangazi alimpita na sanduku lake. Aliingia chumbani, na tangu siku hiyo hao ndugu wawili walizungumza kwa adabu tupu, kama watu wanaofanya kazi ofisi moja. Mama ndiye aliyenisimulia. Baba mwenyewe hakuligusa jambo hilo kamwe.

Basi dada na Shemeji wakaamua kwenda kwenye kliniki ya kupandikiza mimba. Akiba waliyoiweka kwa ajili ya kujenga iliingia huko, na Shemeji alisema nyumba inaweza kusubiri. Dada alidungwa sindano za kukuza mayai mpaka tumbo likamjaa madoa ya bluu, na kazini hakukosa. Siku ya kuvuna mayai ilikwenda vizuri mno. Yalipatikana mengi, wauguzi wakampongeza, naye akanipigia simu akiwa bado na usingizi wa dawa, anaongea kama mlevi: "Mdogo wangu, mimi ni kuku! Mimi ni kuku kabisa!"

Asubuhi iliyofuata maabara ikapiga simu. Hakuna hata yai moja lililokomaa.

Nilimsindikiza kwa daktari. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa raba, meza yake ina kikombe cha chai iliyoganda utando juu. Nilijiandaa kusikia yale ya poleni, jaribuni tena. Badala yake alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza.

"Hii sitaki kuiita bahati mbaya," alisema. "Yai moja likikwama, ni kawaida. Mawili, kawaida. Yote yakikwama mahali pamoja, kuna kitu kinachoyakwamisha. Kwenu, upande wa baba au wa mama, kuna mwanamke mwingine aliyetafuta mtoto akakosa?"

"Hakuna," dada alisema. "Mdogo wangu huyu ana wawili."

Mimi nikahisi kama nimemwagiwa maji. "Dada," nikasema, "Shangazi."

Tulitazamana. Unaona, tulikuwa tumemzoea Shangazi na chumba chake na ukali wake, mpaka hatukumbuki kwamba na yeye alikuwa msichana aliyesubiri mtoto. Daktari akachukua kalamu. Akataka damu ya dada, yangu, ya wazazi wetu, na ya Shangazi kama atakubali.

Tulimkuta Shangazi anapiga pasi. Dada akamweleza. Shangazi hakuinua macho, akamaliza kola, akamaliza mikono ya blauzi, ndipo akasema, "Watu wamenipima kwa macho maisha yangu yote. Leo mnataka kunipima kwa sindano?"

"Kama hutaki, Shangazi, hatutakulazimisha," dada alisema.

"Nani kasema sitaki? Yule bwana alioa mwingine akapata watoto kibao. Mimi siku zangu zilikuja kama mshahara wa serikali, tarehe zilezile. Nimejiuliza mpaka nimechoka." Akachomoa pasi ukutani. "Ngojeni nivae viatu vya maana. Siendi kupimwa nikiwa kama gunia."

Baba ndiye aliyetaka kukataa. "Mimi nina watoto wawili, ninyi hapa. Mnipime nini?" Mama, ambaye huwa hapandishi sauti, akamwambia, "Vaa shati, baba watoto." Akavaa.

Majibu yalichukua muda, kwa sababu damu ilipelekwa maabara ya mbali. Katika kungoja huko mama mkwe wa dada alichoka kungoja mjukuu. Alitangaza kikao cha ukoo. Alitaka wazee wa pande zote mbili wakae, waamue kama mwanawe ataongeza mke au atamrudisha aliye naye. Shemeji alimwambia mama yake kwamba hatakwenda. Mama yake akamjibu kwamba kikao kitakaa hata yeye asipokuwepo. Hapo Shemeji alirudi nyumbani kwake, akakaa jikoni akimtazama dada anamenya vitunguu, na dada akamwambia, "Tutakwenda. Sijaiba kitu cha mtu."

Daktari alituita kabla ya kikao. Tuliingia sote, ikabidi waazime viti chumba cha pili. Dada na Shemeji walikaa mbele, Mama na Baba kando, Shangazi na mkoba wake mapajani, na mimi nikasimama mlangoni.

Daktari aliongea polepole, na kila tulipokunja uso alirudia. Alisema kila mtu amerithi jeni kutoka kwa baba na mama yake, na kwamba jeni ni kama maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Ipo moja ambayo kazi yake iko ndani ya yai la mwanamke tu. Yai likitaka kukomaa ni lazima litoe nusu ya urithi liliobeba, ili lipate nafasi ya nusu ya mwanaume. Kwa kazi hiyo linajenga nyuzi ndogo sana za kuvuta na kugawa. Kwa dada, jeni hiyo ina hitilafu, nyuzi hazijengeki sawasawa, na yai likifika pale linasimama.

"Ndiyo maana vipimo vyote vilikuwa vizuri," alisema. "Hedhi inakuja. Homoni ziko sawa. Kizazi kizuri, mirija mizuri. Mahali penye shida hapaonekani kwa picha. Wapo wanawake wengi wanaoambiwa sababu haijulikani, na kwa baadhi yao sababu ipo kwenye jeni, ila hatujaitafuta au bado hatujui kuisoma. Yako tumeisoma."

Dada alishusha pumzi ndefu, ndefu mpaka Shemeji akamgeukia kuona kama yuko salama. "Kwa hiyo ina jina," alisema.

"Ina jina na mahali ilipo."

Mama akainua mkono kama mwanafunzi. "Daktari, nilipokuwa na mimba yake nilianguka. Kwenye ngazi."

"Mama, ungeanguka kila siku, hii isingetokea kwa kuanguka. Alitungwa nayo."

Mama akafunika uso kwa kanga yake. Dada alisimama akamshika kichwa, akakiegemeza tumboni mwake, na hapo ndipo sote tulipojua Mama alikuwa amebeba nini.

"Aliitoa wapi?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kwa mama yake?"

"Hapana, mzee. Kwako."

Baba akatazama mikono yake, ile yenye rangi isiyotoka kwenye kucha. "Mimi nimezaa."

"Mwanaume hana mayai, kwa hiyo haimsumbui. Anaishi nayo mzima wa afya bila kujua, na kila mtoto wake anaweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu. Binti yako mkubwa ameipata. Mdogo ameikosa." Kisha akamgeukia Shangazi. "Na wewe, mama, unayo. Ileile, mahali palepale. Wewe na mdogo wako huyu mliirithi kwa mzazi mmoja, na kwa kuwa ilipita bila kelele, pengine ni kwa baba yenu."

Shangazi alikuwa amekaa wima kama yuko mbele ya mashine yake ya taipu. "Kwa hiyo sikufanya kitu," alisema.

"Hukufanya kitu, mama."

"Sema tena."

"Hukufanya kitu chochote."

Shangazi akafungua mkoba, akatoa leso, akaifuta miwani yake taratibu, akaivaa. "Asante," alisema. "Nimekusikia vizuri."

Nje, kwenye maegesho, Baba alimtangulia akamfungulia mlango wa gari. Shangazi akaingia bila kumtazama. Nilimwona Baba amesimama na mkono kwenye mlango, anataka kusema, midomo inacheza. Akaufunga.

Siku ya kikao sebule ya mama mkwe ilijaa. Makochi yalikuwa ya wazee, vijana wakapewa viti vya plastiki, feni ya juu inazunguka kwa uvivu na kutoa mlio kama panya. Baba mdogo wa Shemeji ndiye aliyeongoza. Alikohoa, akashukuru waliofika, akampa mama mkwe nafasi.

Nisimsingizie: mama mkwe hakutukana siku hiyo. Aliongea kwa uchungu wa mtu anayeamini anamwokoa mwanawe. Alisema amevumilia, ameona wenzake wanashika wajukuu, na kwamba hamchukii mkwewe ila nyumba haiendeshwi kwa huruma. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, uso wazi. Kuna baadhi ya wazee waliotikisa kichwa kukubali.

Ndipo Baba akaomba nafasi. Alisimama, akavua kofia.

"Mkwe wangu," alimwambia mama mkwe, "mmetafuta mwenye kosa kwa binti yangu. Mmetafuta kwenye gari lake, kwenye kiti chake, kwenye usichana wake. Mimi nimekuja kuwapunguzia kazi. Jambo hili lilitoka kwangu."

Minong'ono ikapita. Mzee mmoja akasema, "Lakini wewe umezaa, bwana."

"Nimezaa, ndiyo. Nimezaa nikiwa nimelibeba, na silijui. Limo kwenye damu yangu, mimi halinidhuru, linamdhuru binti. Daktari amelitafuta akalikuta. Limo kwangu, limo kwa binti yangu, limo kwa dada yangu yule pale." Alimwonyesha Shangazi kwa mkono mzima, si kwa kidole. "Sasa kama kuna mtu wa kurudishwa kwao, nirudisheni mimi. Niambieni tu niende wapi."

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa hajamaliza. Aligeuka, akawapa mgongo wenye kikao, akamkabili Shangazi.

"Dada. Siku uliyorudi na sanduku nilikuuliza swali pale mlangoni. Swali lile lilistahili kuulizwa mimi. Nimelibeba miaka yote hii na nimekuogopa. Nakuomba msamaha, na nakuomba hapa ili wasikie."

Feni ikaendelea kulia. Shangazi alimtazama mdogo wake muda mrefu, mpaka nikaogopa kwamba atamwaga yote aliyonayo, na angekuwa na haki.

"Umechelewa, kaka," alisema mwishowe. "Umechelewa sana. Lakini umekuja na mashahidi, na hilo sikulitegemea." Akasogea kwenye kochi, akapigapiga nafasi pembeni yake. "Kaa hapa. Umesimama vya kutosha."

Baba akakaa. Shangazi akamshika kiganja, na hakukiachia mpaka tulipoondoka.

Shemeji alisimama na urefu wake wote. "Baba mdogo, kwa heshima zote. Mimi nina mke. Sina la kuongeza, na kikao naomba kiishie hapo."

Mama mkwe alikunja ncha ya mtandio, akaukunjua. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, "Na dawa? Hakuna dawa?"

"Dawa hakuna, mama," dada alimjibu. "Kizazi changu ni kizima, naweza kubeba mimba. Nisichoweza ni yai. Daktari anasema yai la mwanamke mwingine linawezekana."

"La nani?"

"Langu," nikasema.

Lilinitoka tu. Nilikuwa nimeshalizungumza na mume wangu, naye ni mtu wa maneno machache, alikuwa amesema, "Kama si wewe, nani?" Ila dada mwenyewe nilikuwa sijamgusia. Niliona uso wake ukibadilika, na haikuwa furaha.

Tulipotoka alinivutia nyuma ya nyumba, karibu na matangi ya maji. "Usinipe kitu mbele ya watu ambacho siwezi kukikataa," alisema kwa hasira. "Miaka yote hii wamenipangia. Na wewe unanipangia?"

Alikuwa na haki. Nikamwambia hivyo, na nikamwambia kwamba akikataa sitauliza kwa nini. Akaenda zake.

Hakunipigia simu kwa muda. Kisha asubuhi moja nikasikia honi nje. Nilipotoka nilimkuta amekaa kiti cha mwalimu, kiti cha dereva kitupu. "Ingia uendeshe," alisema. Aliujua uoga wangu wa magari. Niliendesha kama konokono kuzunguka uwanja wake wa mazoezi, katikati ya koni, na hapo ndipo alipoanza kuuliza maswali yake, macho mbele.

"Akifanana na wewe?"

"Mimi na wewe tunafanana. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Gia ya pili. Na akija akakuita mama?"

"Nitamwambia avae miwani."

Akafyatua kicheko, kile chake cha zamani, kinachoanzia tumboni. Halafu akarudisha macho kwenye koni. "Sitaki tumfiche," alisema. "Akianza kuelewa, tumwambie. Kwetu yamefichwa ya kutosha."

"Tutamwambia."

"Yai ni lako. Mengine yote ni yangu. Kumlaza ni kwangu, kumfokea ni kwangu, shule ni kwangu."

"Chukua vyote. Mimi nibakizie kumharibu kwa peremende."

"Basi nimekubali," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakanyaga breki yake, kwa sababu nilikuwa nimeachia usukani nimkumbatie.

Sasa sindano zikawa zangu. Dada mwenyewe ndiye aliyenidunga, ametoa ulimi nje kwa umakini, Shemeji amesimama kando na pamba kama muuguzi msaidizi. Mayai yangu yalikomaa. Yalikutanishwa na mbegu za Shemeji, na kiinitete kikakua maabarani kama daktari alivyotarajia. Kilipandikizwa, tukangoja, kikatoka. Nilifikiri dada atavunjika. Alilia siku hiyo, akalala, akaamka akaenda kazini. "Mara hii najua ninachokijaribu," aliniambia. "Zamani nilikuwa naendesha kizani bila taa. Tunarudi."

Tukarudi. Mara ya pili kikashika.

Ungemwona! Alifundisha mpaka mkanda wa gari ukagoma kumzunguka. Wanafunzi wake waliendesha kwa upole usio wa kawaida, wakiogopa kumtikisa. Mmoja aliyekuwa ameshindwa mtihani mara kadhaa alifaulu, akasema kuendesha na mama mjamzito pembeni ni mafunzo tosha. Mtaani wale wa mtikisiko wa gari walihamia kwenye mada nyingine. Mama mkwe alikuja mwenyewe nyumbani kwa dada, hakutuma mtu. Alisimama mlangoni akasema, "Nilikosea, mwanangu. Nilisema maneno." Dada hakumrukia shingoni. Alimwambia, "Ulisema, mama. Yaliniuma." Kisha akampisha aingie. Tangu hapo wameanza upya, polepole, na siku nyingine bado wanagongana.

Daktari naye alimwomba dada aje kuzungumza na wanawake wengine wa kliniki, wale wanaokaa kwenye viti vya ukumbi na bahasha zao za vipimo vilivyo sawa. Alikwenda na tumbo lake. Shangazi akamfuata. Nasikia Shangazi ndiye aliyeongea zaidi. Aliwaambia wasikubali kuambiwa hakuna sababu kana kwamba sababu ni wao, na wapo waliokwenda kupimwa jeni baada ya siku hiyo. Si wote waliokutwa na kitu. Lakini walitoka pale vichwa juu.

Uchungu ulimshika dada asubuhi, akiwa anabishana na mwanafunzi kuhusu namna ya kurudi nyuma. Mwanafunzi huyo ndiye aliyemfikisha hospitali, na akaegesha vizuri kabisa. Sisi tukafuata: Shemeji na fulana yake ya kazi yenye mafuta, Mama, Baba, mama mkwe, Shangazi ndani ya viatu vyake vya maana, na mimi. Tulijipanga kwenye ukumbi wa wazazi kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Baba alikwenda dirishani na kurudi, akaenda na kurudi. Mama mkwe alishika mkono wa Mama bila kujua kwamba ameushika.

Shemeji ndiye aliyetoka wa kwanza. Alikuwa anacheka, na safari hii kicheko kilikuwa na sauti. "Msichana!" alipaza. "Wote wazima! Msichana!"

Tuliruhusiwa kuingia wachache wachache. Dada alikuwa amelala, nywele zimemshika usoni, amechoka, anang'aa kwa furaha, na juu ya kifua chake kuna kiumbe chekundu kimekunja ngumi. Mama alinyoosha mikono. Dada akatikisa kichwa.

"Aanze Shangazi," alisema.

Shangazi aliniachia mkoba wake. Alimpokea mtoto jinsi asivyowahi kuwapokea wanangu, ambao siku zote aliwashika kidogo tu kisha akawarudisha haraka. Alimtazama paji, pua, masikio, akamnusa. Baba alisogea, akasimama begani kwake, na wote wawili wakainamisha vichwa juu ya yule mdogo.

"Huyu hana ile hitilafu," Baba alisema. "Mama yake mdogo hakuwa nayo."

"Hata angekuwa nayo," Shangazi alijibu, "angekuta watu wanaojua."

Kisha akamrudisha mtoto kwa mama yake, akarekebisha miwani, akatoka nje ya mlango hadi katikati ya ukumbi, akavuta pumzi, akapiga vigelegele. Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Vilianza juu na vikaendelea kupanda, Mama akadakia, mama mkwe akadakia, na wanawake wasiotujua kwenye mabenchi wakajiunga. Milango ikafunguka. Muuguzi akaja mbio, kidole mdomoni.

"Mama, tafadhali! Hapa ni hospitali, kuna wagonjwa!"

"Najua, mwanangu, nisamehe," Shangazi alimwambia, huku machozi yanamtiririka na meno yote nje. "Ila sisi kwetu hakuna mgonjwa." Akavuta pumzi nyingine, akaanza tena.